Hatua Kumi Kutoka Mlangoni kwa Bi Kidawa

Jumanne ya mwisho ya Februari 1978, saa nne asubuhi, Mwanakheri binti Abeid alisimama hatua kumi kutoka mlangoni kwa shangazi yake, Bi Kidawa, nje kidogo ya Maneromango. Juu ya kinu kilichopinduliwa aliweka mfuko wa unga, kipande cha sabuni, na pakiti ya chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji yaliyochemshwa. Kisha akapiga hodi.

"Karibu," sauti ya Bi Kidawa ilijibu kutoka ndani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Habari za tangu juma lililopita?"

"Njema."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo."

Mwanakheri alifungua daftari, akaandika "njema" mbele ya jina la Kidawa binti Mfaume, akaaga, akashika njia ya kwenda kwa mzee mwingine. Bi Kidawa alikuwa na siku kumi na tatu tangu afe. Lakini alikuwa mwanamke aliyelelewa, na mtu aliyelelewa haachi hodi ya mgeni bila kuiitikia.

Mwanakheri alikuwa akifanya kazi katika Chama cha Kujulia Hali, ambacho ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha bati huko Kibaha, upande wa Tumbi. Chama hicho kilianzishwa miaka michache nyuma, watu walipohamia vijiji vya ujamaa na baadhi ya wazee wakakataa kuiacha mikorosho yao na makaburi ya watu wao. Vijana walikwenda, wazee wakabaki kwenye mahame, kila mmoja na nyumba yake na jogoo wake. Wanawake wa Kiislamu wa Mlandizi wakakutana na Wakristo wa bara waliokuwa wakifanya kazi Tumbi, wakakubaliana kwamba jambo hilo ni aibu. Wakaunda chama. Wafanyakazi wake waliitwa wageni, kila mgeni alipewa mkeka, na juu ya mlango wa ofisi yaliandikwa kwa rangi ya buluu maneno MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Mkeka haukuwa pambo. Mtu wa huku akiulizwa habari husema njema. Nyumba yake ikiungua, njema. Akiwa kitandani juma la tatu, njema, sijambo, tunamshukuru Mungu. Hasemi uongo, anakaribisha tu. Mgeni huingia, hukaa, hupewa maji, hunywa, hurudisha kata, na hapo ndipo mwenyeji husafisha koo na kusema, "Njema, ila..." Kazi yote ya chama ilianzia hapo. Ila jicho la kushoto limezima. Ila paa linavuja upande wa kichwani. Ila mjukuu amekuja akachukua mbuzi, na mimi nilikuwa nimemwekea nadhiri mbuzi huyo. Daftari la chama lilikuwa na safu mbili, Njema na Ila. Safu ya Njema ilikuwa nyembamba, ya Ila ikachukua ukurasa wote uliobaki, na mara nyingine haikutosha.

Kisha kipindupindu kikaja. Barabara ziliwekwa vizuizi, maulidi na ngoma vikapigwa marufuku, watu wakaacha kushikana mikono wakawa wanapungiana kama walio ng'ambo mbili za mto. Mgeni mmoja wa chama, Stellamaris, msichana wa Pangani ya hapohapo Kibaha, aliyekuwa akicheka kabla hata mzaha haujaisha, alikaa mkekani kwa mzee mmoja, akapewa maji, akanywa. Siku ya pili yake alikufa katika kambi ya wagonjwa. Katibu wa chama, Bwana Evodius, aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu huko Bukoba, ndiye aliyempokea baba yake msichana pale ofisini na kumpa nguo zake zikiwa ndani ya kikapu.

Juma hilohilo Evodius aliandika Mwongozo wa Hatua Kumi. Ulikuwa ukurasa mmoja, mwandiko mzuri. Mgeni asiingie ndani. Asikae. Asinywe maji ya mwenyeji. Asimame hatua kumi kutoka mlangoni, aweke chakula na dawa mahali palipoinuka, apige hodi, aulize hali, aandike jibu. Atakayekiuka atapumzishwa, na njia anayopitia kuwatembelea wazee itafungwa. Safu ya Ila iondolewe, kwa kuwa haitajazwa. Aliiondoa mwenyewe kwa rula, daftari baada ya daftari, na hakuna aliyemlaumu, maana kila mtu alikuwa amekiona kile kikapu.

Mwongozo ulifanya kazi. Hakuna mgeni mwingine aliyeugua. Ripoti ya Februari ilionyesha kwamba njia za upande wa Kisarawe zilikuwa na wazee arobaini na mmoja, na wote arobaini na mmoja walikuwa njema. Wakati huo vijiji vya jirani vilikuwa vikichimba makaburi asubuhi na alasiri. Watu wa vyama vingine walikuja kujifunza. Mmoja wao alipiga picha kinu.

Alhamisi ya tarehe mbili Machi wageni walikutana ofisini kukabidhi madaftari. Bernard, mgeni wa njia ya Mzenga, alibaki na lake mkononi.

"Katibu," alisema, "Mzee Hemedi amefariki. Nimeonyeshwa kaburi. Bwana afya alimzika tarehe kumi na nane."

"Pole sana, Bernard. Lakini hapa juzi umeandika njema."

"Nilipiga hodi kwa mazoea. Akaitika."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nikamuuliza habari, akasema njema. Nikaandika."

"Umefanya sawa," Evodius alisema. "Kama ameulizwa na amejibu, hatuwezi kuacha pengo kwenye daftari."

Wageni walikubali kwa vichwa. Mama mmoja wa Mlandizi alisema bibi yake aliitikia salamu siku arobaini kamili, mpaka hitima iliposomwa, na kwamba watu wa zamani walikuwa na adabu isiyokatika upesi. Mwingine akauliza kama sabuni ya mwezi ule ingefika.

"Jambo moja tu," Bernard alisema. "Zamani nikimsalimu alikuwa anarudisha. Na wewe je, na mama je, na ile baiskeli imepona? Sasa anajibu, hanirudishii."

Kalamu ilimtoka Mwanakheri mkononi ikabingirika chini ya meza. Alishtuka. Kumwitikia mgeni baada ya kufa lilikuwa jambo la kawaida, hilo halikumshtua. Lililomshtua lilikuwa jino. Mwezi wa Januari aling'olewa jino, na tangu hapo kila Jumanne Bi Kidawa, aliyemlea tangu mama yake alipoondoka, alimuuliza, "Jino je?" Tarehe kumi na nne Februari aliuliza, tena kwa sauti dhaifu. Tarehe ishirini na moja hakuuliza. Juzi hakuuliza.

Lori la chama lilikuwa likienda Maneromango Jumanne tu. Mwanakheri alikaa siku nne bila kula kitu cha maana. Jumanne asubuhi aliingia stoo, akatoa mkeka wake uliokuwa umekunjwa tangu Januari, akautia kwapani, akachukua na chupa ya maji aliyoyachemsha mwenyewe. Evodius alimwona. Aliinamia karatasi zake akaendelea kuandika.

Alipofika aliweka unga na pakiti juu ya kinu kama kawaida, akapiga hodi.

"Karibu," ilisema sauti.

Mwanakheri alizitembea zile hatua kumi. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, juu ya sanduku la nguo, ilipangwa mifuko mitatu ya unga ambayo haikufunguliwa, na mbele yake pakiti tatu za chumvi na sukari, zimenyooshwa kingo kama vikombe vya kungojea wageni wa Idi. Mtungi ulikuwa mkavu. Kata ilikuwa sakafuni, nusu ya njia kati ya kitanda na mtungi. Bi Kidawa alikuwa kitandani, uso umeelekea mlangoni, amekauka kama makopa ya muhogo.

Mwanakheri alitandika mkeka. Alikaa kama mgeni anavyokaa, miguu upande mmoja, khanga ikifunika vifundo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekaa?" Sauti ilitoka pale karibu na mlango, alipozoea kukaa kuchambua mchele.

"Nimekaa. Naomba maji."

"Maji yameniishia. Uniwie radhi."

Mwanakheri alifungua chupa yake, akanywa mafunda mawili, akafuta mdomo kwa upindo wa khanga. Sauti ikasafisha koo.

"Njema," ilisema. "Ila tangu jana tumbo linanikimbiza, na sasa miguu hainichukui. Nimesikia leo mmeniwekea dawa pale kinuni. Ni mbali. Ukipata nafasi nisogezee, na maji kidogo."

Hiyo jana ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na tatu Februari. Hiyo leo ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne, siku ambayo Mwanakheri alisimama pale nje, akaulizwa habari za jino lake, akajibu limepoa, akaandika njema, akaondoka. Aliondoka polepole, maana jua lilikuwa halijawa kali. Mtu mwenye afya hutembea hatua kumi bila kujua kwamba ametembea. Mgonjwa wa kipindupindu hazimalizi, na katika ofisi nzima ya Kibaha, yenye watu waliosoma na waliozaa na waliouguza, hapakuwa na hata mmoja aliyelifikiria hilo.

"Kwa nini hukuniambia siku ile, shangazi?"

"Ulikuwa umesimama," sauti ilisema, bila lawama. "Mtu anaambiwaje ya ndani akiwa amesimama? Nilikuwa nangoja ukae."

Mwanakheri alilia kwa sauti, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Sauti ilimngoja. Alipotulia kidogo aliuliza nani aliyeziingiza zile pakiti ndani.

"Nilizifuata mwenyewe, baadaye, miguu ilipopata nguvu. Isingekuwa vizuri kuacha zawadi ya mgeni nje inanyeshewa."

Bi Kidawa alizikwa alasiri ile. Balozi wa nyumba kumi wa kijiji cha jirani alileta wanaume sita, na bwana afya akaja na pampu mgongoni na mfuko wa chokaa. Alipiga hodi, akakaribishwa, akaingia akapulizia kuta. Hakuruhusu mwili uoshwe. Mwanakheri alimwomba mara tatu, akasema yeye ameshaingia na ameshakaa, kwa hiyo lililokuwa la kumpata limeshampata. Bwana afya alisema dada, ningekuwa na ruhusa ningekupa. Walimshusha na khanga aliyokuwa nayo, wakaweka chokaa, wakafukia. Sauti ilibaki nyumbani. Kaburi lilikuwa la mwili, na sauti haikuwa na mahali pengine pa kumngojea mgeni.

Baada ya hapo Mwanakheri aliwekwa kambini siku tano, kama wote walioingia nyumba ya mgonjwa. Hakuugua. Evodius alipopata habari alituma wageni wote wa upande wa Kisarawe, siku moja, wakiwa na agizo moja tu: wasalimu, kisha wangoje kuona kama salamu itarudishwa. Walirudi ofisini jioni na hawakutaka kuketi. Evodius alipokea karatasi akaanza kusoma majina ya walioitika bila kuuliza. Yalikuwa kumi na tisa. Alipofika la tisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akashindwa, akampa Bernard amalizie. Yule mama wa Mlandizi, aliyesimulia habari za bibi yake, alitoka nje.

Kamati ilikutana siku Mwanakheri alipotoka kambini. Alisimama akasema alichokuwa amekipanga siku zote tano. Wageni waruhusiwe kuingia. Kila mmoja aende na maji yake yaliyochemshwa, mkeka wake wa kuoshwa kwa dawa, na sabuni. Wakae. Safu ya Ila irudishwe. Na kama hayo yote hayawezekani, basi angalau dawa ifikishwe kizingitini.

"Kizingiti ni nyumba," mjumbe mmoja alisema.

"Katibu," Mwanakheri alisema, "wazee kumi na tisa wametuambia njema. Tumeandika njema. Sisi tunajua njema ni nini. Hatukuletewa na mzungu, tumezaliwa nayo."

Evodius alikuwa ameinamisha kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakufanya juhudi ya kuyaficha.

"Stellamaris alikaa," alisema.

Mwanakheri aliangalia mlangoni, ambako kikapu kiliwahi kuwekwa, na wajumbe wengine nao wakaangalia palepale. Bernard, mwenye watoto wanne, alikuwa amefumba macho.

Kura zilipigwa kwa mikono. Mwongozo wa Hatua Kumi ulibaki kama ulivyo. Lakini kamati haikutaka kuonekana kwamba haikusikia, kwa hiyo iliongeza kipengele. Kwa kuwa wazee waliofariki wamekwisha kuzikwa kwa chokaa na nyumba zao kupuliziwa dawa, na kwa kuwa maiti aliyezikwa hamwambukizi mtu, wageni wanaruhusiwa kuingia kwa wazee hao, kutandika mkeka na kukaa. Safu ya Ila itarudishwa kwa ajili yao. Kwa walio hai, mgeni atasimama. Evodius alichukua rula, akachora mstari katika kurasa kumi na tisa.

Kipindupindu kilipungua baada ya masika, kikarudi kidogo, kikapungua tena. Vizuizi viliondolewa. Watu walianza kushikana mikono, kwanza kwa vidole, kisha kwa kiganja kizima. Mwongozo haukuondolewa. Hapakuwa na mtu aliyeamua ubaki, ila ilionekana kwamba mgeni anayesimama hufika nyumba nyingi kwa siku kuliko mgeni anayekaa, na lori likarudi Kibaha mapema. Wageni wapya walifundishwa kuhesabu hatua. Kwenye mlango maneno ya buluu yalipakwa rangi upya.

Jumanne moja ya Agosti mwaka uliofuata, Mwanakheri aliteremka njia panda ya Maneromango, akaenda kwanza kwa shangazi yake. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeshaanguka, ungeweza kuingia bila kupitia mlangoni, lakini alipitia mlangoni. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa, akanywa maji yake. Bi Kidawa akasafisha koo, akasema njema, ila tangu jana tumbo linanikimbiza. Mwanakheri alikoroga pakiti katika kikombe akakisogeza pale karibu na mlango.

"Kunywa, shangazi."

"Ahsante, mwanangu. Hapo sasa ni karibu."

Aliandika hayo katika safu ya Ila, kama alivyoyaandika kila Jumanne, akakunja mkeka.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mzee Mbaraka, mkulima wa mihogo, ambaye mke wake alikufa zamani kwa mambo mengine kabisa. Lori lilikuwa limeshageuza, likapiga honi mara moja kutoka njia panda. Mwanakheri aliweka unga kwenye kigogo, akahesabu hatua zake akirudi nyuma, akapiga hodi.

"Karibu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Njema," alisema Mzee Mbaraka kutoka ndani. "Na wewe je, mjukuu wangu? Nasikia bado unakwenda kwa shangazi yako. Umepoa moyo?"

Mwanakheri alifurahi, kwa kuwa alikuwa ameulizwa, na anayeuliza yu hai.

"Njema," alijibu, akiwa amesimama.

Mzee Mbaraka alisafisha koo, akangoja. Mwanakheri naye alingoja, hatua kumi kutoka mlangoni, mkeka ukiwa kwapani. Kisha lori likapiga honi mara ya pili, naye akaandika "njema", akaenda.